Sarafu Zilizopimwa Daraja: Zipi Zinunuliwe Kwanza na Mkusanyaji wa Mombasa

Rupia ya Mombasa ya mwaka 1888 huuzwa kwa namna mbili. Ipo iliyo wazi, ambayo muuzaji hukuwekea kiganjani na kukuachia uamue mwenyewe kama ni ya kweli na kama hali yake inalingana na bei anayoitaka. Na ipo iliyofungwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye kikaratasi kinachotaja jina lake, mwaka wake, daraja lake na nambari ya cheti. Hii ya pili huwa ghali zaidi, wakati mwingine kwa kiasi kikubwa, na mnunuzi ana haki ya kuuliza fedha hiyo ya ziada inanunua nini hasa. Rai yangu ni kwamba kasha linastahili kulipiwa pale tu ambapo sarafu iko katika hatari ya kughushiwa au ya kuwa imesuguliwa, na kwamba kwa sarafu nyingi za pwani yetu hatari hii ya kusuguliwa ndiyo kubwa. Mpangilio nilioutoa hapa chini umefuata rai hiyo.

Daraja hutolewaje

Kampuni zinazoaminiwa zaidi katika kazi hii ni mbili, nazo ni za Marekani: PCGS, iliyoanzishwa mwaka 1985, na NGC, iliyoanzishwa mwaka 1987. ANACS ni kongwe kuliko hizo na ICG ilikuja baadaye. Sarafu zao si mbaya kununua, ila sokoni hupata bei ya chini zaidi kwa daraja lile lile. Nje ya hizo utakutana na makasha ya majina mengi, mengine yakigawa daraja la 70, lililo la juu kabisa, kwa ukarimu wa kushangaza, na sarafu iliyomo humo ihesabu kana kwamba iko wazi.

Sarafu ikifika kwa kampuni hupewa nambari, ili wapimaji wasijue mwenyewe ni nani. Wapimaji huitazama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitoa maoni yake, kisha mpimaji wa mwisho huamua. Swali lao la kwanza ni kama sarafu ni ya kweli. La pili ni kama imeharibiwa au imechezewa. Daraja huja baada ya hayo mawili, ingawa ndilo linaloandikwa kwa herufi kubwa na ndilo wanunuzi wanalolikimbilia. Hatimaye sarafu hufungwa katika kasha ambalo halifunguki bila kuvunjwa.

Kipimo chenyewe huanza 1 na kuishia 70. Alikibuni Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake, akikusudia nambari iwe pia kigezo cha bei, yaani sarafu ya daraja la 70 iwe na thamani mara 70 ya ile iliyochakaa hadi ikabaki kutambulika tu. Hesabu hiyo ya bei haikudumu, lakini nambari zilibaki na leo hutumika kwa sarafu za dunia nzima. Kabla ya nambari huandikwa herufi: VF kwa 20 hadi 35, ambapo sarafu imetumika lakini michoro mikuu iko wazi; XF kwa 40 na 45; AU kwa 50 hadi 58, ambapo ni sehemu zilizoinuka tu ndizo zilizoguswa; na MS kwa 60 hadi 70, ambapo sarafu haikuchakaa hata kidogo. Sarafu zilizopigwa kwa uangalifu maalumu kwa ajili ya wakusanyaji, zenye uso kama kioo, huandikiwa PF au PR badala ya MS.

Hapo kati ya 58 na 60 ndipo fedha nyingi hupotelea. Chini ya 60 kinachopimwa zaidi ni kuchakaa: ni kiasi gani cha chuma kimelika kwa kupita mikononi. Kuanzia 60 kwenda juu hakuna kuchakaa tena, na kinachopimwa ni alama za sarafu kugongana ndani ya magunia ya kiwandani, nguvu ya pigo, mng'ao, na uzuri wa jumla kwa macho. Kwa hiyo sarafu ya MS 60 inaweza kuwa haijawahi kununua hata kitumbua, lakini uso wake umejaa mikwaruzo, wakati ya AU 58 imechakaa kidogo mno kwenye nyusi za mfalme na kila mahali pengine ni safi. Mimi huichagua ya 58 karibu kila mara, kwa kuwa kwa kawaida ni nafuu na inapendeza zaidi. Anayenunua nambari badala ya sarafu hatakubaliana nami, na hiyo ndiyo sababu bei ya 58 bado ni nzuri.

Shaba ina jambo lake la ziada. Karibu na daraja utaona herufi BN, RB au RD, ambazo zinaeleza ni kiasi gani cha wekundu wa asili kimebaki: BN ni kahawia, RB ni mchanganyiko, na RD ni nyekundu karibu yote. Bei ya RD hupanda sana, na katika mji wenye chumvi hewani kama wetu wekundu huo ni vigumu kuutunza. Nunua BN.

Sarafu iliyosuguliwa

Sarafu iliyo ya kweli lakini iliyoharibiwa haipewi nambari katika mfumo wa kawaida. Kikaratasi chake huandikwa neno Details pamoja na sababu: imesafishwa, imekwaruzwa, imetobolewa, imetolewa kwenye mkufu, imepakwa rangi. Sarafu hizo ni sehemu kubwa ya kile kinachotoka katika majumba ya pwani, na sababu zake zinajulikana. Fedha ilivaliwa: rupia na riali ziliunganishwa vikuku na mikufu na masonara, na kishikizo kikitolewa baadaye huacha doa la risasi au pengo ukingoni. Shaba ilisuguliwa kwa ukwaju, limau au majivu jinsi masinia yanavyosuguliwa, kwa nia njema kabisa, na sarafu ikatoka iking'aa huku uso wake wa asili umeondoka usirudi tena.

Kulitambua hili hakuhitaji mashine. Shika sarafu ukingoni, iweke chini ya taa moja, na uiinamishe polepole. Mng'ao wa asili husogea juu ya uso jinsi unavyoizungusha. Uliosuguliwa hung'aa wote kwa pamoja na kubaki pale pale, na kwa kioo cha kukuzia mara tano au kumi utaona mistari myembamba inayoelekea upande mmoja, hasa katika sehemu tupu kati ya maandishi na mchoro. Rangi pia husema: fedha ya karne ya 19 iliyo nyeupe kama sahani mpya, bila kivuli chochote kuzunguka herufi, karibu kila mara imeoshwa. Mwenye jicho lililozoea mambo haya anaweza kununua sarafu nyingi zikiwa wazi bila kumlipa mtu wa kumwamulia. Asiyekuwa nalo bado, na alipe.

Mpangilio wa ununuzi

Nafasi ya kwanza naipa pesa (pice) ya shaba ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyobeba pia mwaka wa Hijria 1306, ikiwa ndani ya kasha la NGC au PCGS, daraja la AU 58 hadi MS 63, rangi BN. Ilitolewa na Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopata hati yake ya kifalme mwaka huo huo wa 1888 na ikaifanya Mombasa makao yake, na mchoro wake ni mizani. Si sarafu adimu, na ndiyo maana naiweka juu: zipo za kutosha kwa mnunuzi kuchagua na kukataa, bei yake haimtishi anayeanza, na tofauti kati ya iliyosuguliwa na isiyosuguliwa ni kubwa kiasi kwamba kasha linajilipia. Wazi, nyingi utakazoonyeshwa ni zile za ukwaju na majivu.

Ya pili ni rupia ya fedha ya kampuni hiyo hiyo, yenye herufi H ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Ina uzito wa takriban gramu 11.66 za fedha ya 917 kwa 1,000, sawa na rupia ya India ambayo ilikusudiwa kuzunguka pamoja nayo, na upande mmoja ina taji lenye miale na maneno yanayotangaza nuru na uhuru, jambo ambalo wenyeji wa wakati ule wangekuwa na la kusema juu yake. Taji ndilo sehemu iliyoinuka, kwa hiyo litazame kwanza. Kuchakaa huanzia hapo. Hii usiinunue wazi isipokuwa kwa bei ya sarafu iliyoharibika, kwa kuwa nyingi zilivaliwa. Nusu rupia, robo rupia na ana mbili (ana ni sehemu ya 16 ya rupia) za mwaka 1890 ni ngumu zaidi kupata, na anayetaka seti nzima ajiandae kusubiri kipande kimoja kimoja.

Nafasi ya tatu ni za shilingi ya Afrika Mashariki, zilizoanza mwaka 1921 baada ya florini ya mwaka 1920 kushindwa kudumu. Hapa ushauri wangu unageuka. Shilingi za simba za George V na George VI hadi mwaka 1946 zina robo tu ya fedha, zilipigwa kwa wingi mkubwa, na za miaka ya kawaida hazistahili kasha kabisa. Nunua wazi, chagua kwa jicho, na uzitazame nyusi na taji la mfalme pamoja na manyoya ya simba. Kasha litafute kwa florini ya 1920 na kwa shilingi za miaka migumu zilizo juu ya MS 63 tu. Senti kumi na senti tano za tundu za mwaka 1936 zenye jina la Edward VIII ni raha ya pekee kwa mkusanyaji mwenye mfuko mdogo. Mfalme huyo alitawala kuanzia Januari hadi Desemba ya mwaka huo, na nyumbani kwake Uingereza hakuna sarafu yake iliyoingia katika matumizi ya kawaida, lakini sarafu zetu za tundu hazikuhitaji picha ya uso wake, hivyo zilipigwa na kutumwa huku zikiwa na jina lake. Bei yake bado ni ya chini. Tundu hilo, bila shaka, wapimaji hawalihesabu kuwa uharibifu.

Ya nne ni za Zanzibar za Sultani Barghash bin Said. Pesa za shaba zenye mizani, za miaka ya Hijria 1299 na 1304, ni nyingi na zinunuliwe wazi kama senti za tundu. Riali ya fedha ya 1299 ni habari nyingine: ni adimu na ni ghali, na bila kasha la kampuni kubwa isinunuliwe hata kama muuzaji ni jirani yako. Vivyo hivyo kwa senti za Sultani Ali bin Hamud za mwaka 1908 zenye mnazi.

Nafasi ya tano ni za Wajerumani. Rupia za Kaisari Wilhelm II na hela (heller) za shaba zinafuata kanuni zile zile nilizotaja. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ya mwaka 1916, yenye tembo mbele ya mlima, ilipigwa Tabora wakati wa vita katika karakana ya reli, takriban vipande 16,000 tu, ikiwa na gramu 7.17 za dhahabu ya 750. Inatamaniwa na wakusanyaji wa Ujerumani, Uingereza na Marekani kwa pamoja, na kitu kinachotamaniwa kiasi hicho huwa na waghushi wake. Ndani ya kasha, baada ya kuhakiki nambari, ndiyo. Nje ya kasha, hapana. Kanuni hiyo hiyo naitumia kwa sarafu za dhahabu za Kenya za mwaka 1966, za shilingi 100, 250 na 500, zilizotolewa kwa miaka 75 ya Mzee Jomo Kenyatta, ingawa hizo bei yake hufuata zaidi uzito wa dhahabu.

Reale ya Maria Theresa naiweka karibu na mwisho. Imeandikwa mwaka 1780 lakini imeendelea kupigwa tena na tena baada ya hapo kwa mwaka ule ule, kwa hiyo nyingi zina thamani ya fedha yake tu, gramu 28 za fedha ya 833. Kasha halibadilishi hilo.

Ya mwisho ni sarafu za Kenya za mwaka 2018, za twiga, kifaru, simba na tembo, zinazouzwa katika makasha ya MS 66 au 67 kwa bei inayozidi thamani yake ya dukani mara mia. Zipokee kwenye chenji ya matatu.

Hesabu zinazopotosha

NGC na PCGS huchapisha idadi ya vipande walivyowahi kuvipima kwa kila aina na kila daraja, na wauzaji hupenda kuzitaja. Muuzaji akikuambia kwamba shilingi yake ni moja kati ya nne tu zilizopimwa duniani, anaweza kuwa anasema kweli tupu na bado akakupotosha. Idadi hiyo inahesabu watu waliolipa ada, haihesabu sarafu zilizopo. Senti ya Marekani hupelekwa kupimwa kwa maelfu kwa sababu soko lake ni kubwa. Shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka wa kawaida haipelekwi, kwa sababu ada ingezidi bei yake, na hivyo idadi yake hubaki ndogo huku mitungi na visanduku vya bibi zetu vikiwa vimejaa hizo hizo. Upande wa pili, sarafu yenye thamani kubwa inaweza kuhesabiwa mara kadhaa, kwa kuwa wengine huivunja kwenye kasha na kuirudisha wakitumaini daraja la juu zaidi. Kipimo cha kweli ni bei zilizolipwa katika minada iliyopita, ambazo nyumba nyingi za mnada huziweka wazi kwenye mtandao. Ukizisoma, kumbuka kwamba juu ya bei ya nyundo, yaani bei iliyofikiwa mnadani, kuna ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi hufika asilimia 20 au zaidi.

Kuhakiki na kuleta nyumbani

Kabla ya kutuma fedha, iwe kwa benki au kwa M-Pesa, ingiza nambari ya cheti kwenye tovuti ya kampuni iliyopima. Jibu lilingane kwa aina, mwaka na daraja. Usiishie hapo, kwa kuwa waghushi hunakili nambari za kweli: kampuni hizi zimepiga picha sarafu nyingi zilizozipima, kwa hiyo linganisha mkwaruzo kwa mkwaruzo na doa kwa doa kati ya picha hiyo na ile ya muuzaji. Kwa sarafu isiyo na picha, mwombe muuzaji akupigie nyingine pande zote mbili na ukingo wa kasha; plastiki yenye ukungu, nyufa kwenye maungio au maandishi yasiyokaa sawa kwenye kikaratasi ni sababu tosha ya kuondoka. Mizani ndogo ya sonara, inayopima hadi sehemu ya mia ya gramu, itakulinda kwa sarafu zilizo wazi: rupia iliyopungua zaidi ya kuchakaa kwake kunavyoonekana, iache. Kwenye hesabu yako weka pia usafirishaji, bima na ushuru wa forodha, kwani sarafu ya bei ya kati inaweza kupoteza unafuu wake wote pale bandarini.

Wengine watauliza kwa nini wasinunue wazi Mji wa Kale na kuipeleka sarafu kupimwa wenyewe. NGC ina ofisi London na Munich, na PCGS ina ofisi Paris, hivyo safari si lazima iwe hadi Marekani. Lakini jumlisha ada ya kila kipande, posta ya kwenda na kurudi, na bima. Kisha jiulize kama sarafu ikirudi na neno Details utakuwa umebaki na nini. Kwa za mwaka 1888 kuna jambo zito zaidi. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Pesa iliyokuwa ndani ya kijaluba Kibokoni tangu enzi za kampuni iko chini ya sheria hiyo. Iliyopimwa ng'ambo na kuingizwa nchini kwa mara ya kwanza leo haifikiwi na tarehe hiyo. Hii ni sababu nyingine ya kuzinunua sarafu za Mombasa zikiwa tayari kwenye kasha, na anayemiliki za urithi na kutaka kuzipeleka nje aanzie kwa maofisa wa makumbusho pale Fort Jesus.

Kasha halizuii hewa kabisa. Katika nyumba zetu, hasa zile za karibu na bahari, weka makasha ndani ya kisanduku kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, na uvikaushe au kuvibadilisha kila baada ya masika. Sarafu zilizo wazi zisiwekwe kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambayo baada ya muda huacha utando wa kijani unaonata na kula chuma, na zisipanguswe kwa kitambaa kabla ya wageni kuja kuzitazama.